Kipimo Chako Umekipima?

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya watafiti vijana, walimu wao na wazazi. Tumeiweka hapa yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.)

Mwenyekiti, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mnaoanza kazi hii ya utafiti, hamjambo?

Nimepewa mtihani. Ratiba yetu ina mambo matatu: afya ya akili ya vijana balehe, virusi vya lukemia (saratani ya damu), na upimaji wa joto. Mwenyekiti anataka niyafungue yote kwa pumzi moja. Nilipoisoma ratiba hiyo nilicheka peke yangu. Mtaalamu wa akili, mtu wa virusi na fundi wa vipimajoto wanakaa meza moja kuzungumza nini?

Nikafikiri, nikaona wana shida ileile. Wote watatu wanatafuta kitu ambacho hakuna anayekiona kwa macho. Joto hulioni, unaona zebaki imepanda. Virusi huvioni; unaona kuku ameugua. Huzuni ya mtoto wa miaka 14 huioni. Unaona ametia alama kwenye karatasi. Kati ya mtafiti na anachokitafuta pamesimama kitu kingine, nacho ni kipimo. Kipimo kikipotoka, yeye naye atapotoka, tena kwa ujasiri mkubwa, maana ana namba mkononi.

Kwa hiyo leo sitawauliza mmegundua nini. Nitawauliza swali moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: kipimo chako umekipima?

Tuanze na joto, kwa sababu linaonekana rahisi. Joto la kawaida la mwili wa binadamu ni ngapi? Semeni kwa sauti.

(Ukumbi: 37!)

Haya. Nani aliwaambia?

Aliyewaambia ni Carl Wunderlich, daktari wa Leipzig, Ujerumani. Mwaka 1868 alichapisha kitabu kilichojengwa juu ya vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000. Hebu ifikirieni kazi hiyo. Kipimajoto cha siku zile kilikuwa kirefu, kinabanwa kwapani, na ilibidi kusubiri robo saa au zaidi kabla ya kukisoma. Mgonjwa anatetemeka, anajigeuza, na mtu amekaa pembeni anahakikisha mkono haulegei. Rudia hayo asubuhi, rudia jioni, kitanda hadi kitanda, mwaka hadi mwaka. Wunderlich alitufundisha kwamba homa ni dalili ya ugonjwa, wala si ugonjwa wenyewe, na kwamba mchoro wa joto la siku kadhaa unaweza kumwambia daktari ni ugonjwa gani anapambana nao. Heshima yake haipunguziki. Na alituachia hiyo 37.

Mwaka 1992, Philip Mackowiak na wenzake kule Marekani waliwapima watu wazima 148 wenye afya njema, kila mmoja mara kadhaa kwa siku. Wastani ukatoka 36.8. Alfajiri joto lilikuwa chini, alasiri likapanda, na mtu mmoja hakufanana na mwingine. Mackowiak hakuishia hapo. Alikifuatilia kipimajoto kinachoaminika kuwa cha Wunderlich, kilichohifadhiwa katika jumba la makumbusho Philadelphia, akakipima chenyewe. Kilisoma juu kuliko vya kisasa kwa zaidi ya nyuzi 1! Ndugu zangu, kwa daktari nyuzi 1 ndiyo tofauti kati ya kumwambia mtu "nenda nyumbani" na kumwambia "lala hapa tukuangalie".

Najua mnachowaza: basi, mzee yule alikosea, tuendelee. Subirini kwanza. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikusanya vipimo zaidi ya 600,000 vya Wamarekani, kuanzia askari wa zamani wa ile vita ya wenyewe kwa wenyewe hadi watu waliopimwa mwaka 2017. Wakakuta kwamba kadiri mtu alivyozaliwa karibuni, ndivyo joto lake lilivyo chini, kiasi cha nyuzi 0.03 kwa kila miaka kumi ya kuzaliwa. Je, ni vipimajoto vilivyobadilika au ni miili yetu? Hapo ndipo nilipowavulia kofia. Walichukua watu waliopimwa katika kipindi kimoja, kwa vifaa vya enzi moja, lakini waliozaliwa miaka tofauti, wakawalinganisha wao kwa wao. Tofauti ikabaki palepale. Kwa hiyo huenda sehemu ya ile 37 ilikuwa kweli kwa watu wa Leipzig wa wakati ule, na sehemu yake ni kosa la kioo na zebaki. Kuzitenganisha sehemu hizo mbili ndiyo kazi ya utafiti. Kumcheka marehemu si kazi.

Na mambo haya hayaishi hata ukiingia kwenye maabara safi kuliko zote. Hadi mwaka 2019 kizio cha joto, yaani kelvini, kilisimama juu ya maji: ile nukta ambayo barafu, maji na mvuke hukaa pamoja ndani ya chupa iliyofungwa, ikapewa namba 273.16. Inaonekana haina mjadala, sivyo? Lakini maji gani? Maji ya bahari na maji ya mvua hayalingani kwa uwiano wa atomi nzito na nyepesi za hidrojeni na oksijeni, na nukta hiyo husogea, kidogo mno, lakini husogea. Mwaka 2005 wakuu wa vipimo duniani walilazimika kuandika kabisa kwamba ni maji yenye uwiano upi. Tarehe 20 Mei 2019 wakaachana na maji, wakaifunga kelvini kwenye namba ya Boltzmann isiyobadilika, ile inayounganisha joto na nishati. Zaidi ya miaka 60 ya kuuliza swali ambalo mtoto angeuliza: maji gani?

Sasa tuingie kwenye damu.

Kwanza nitoe hofu, maana naona wazazi mmekaa mbele. Lukemia nyingi za binadamu hazisababishwi na virusi vinavyojulikana, na ugonjwa wenyewe hauambukizi. Mtoto mwenye lukemia mkumbatie, cheza naye. Virusi ninavyovizungumzia ni vya wanyama, pamoja na kimoja muhimu cha binadamu nitakachokifikia.

Mwaka 1908, mjini Copenhagen, Vilhelm Ellerman na Oluf Bang walichukua viungo vya kuku mwenye lukemia, wakavisaga, wakavipitisha kwenye chujio laini lisiloruhusu hata seli moja kupita. Kilichobaki ni maji tu, kwa macho. Wakamdunga kuku mzima. Akaugua. Maana yake ni kwamba kitu kidogo kuliko seli, kidogo kuliko bakteria, kilikuwa ndani ya yale maji. Dunia ikasemaje? Ikanyamaza. Wakati huo lukemia haikuhesabiwa kuwa saratani, tena, aliyeugua ni kuku! Miaka mitatu baadaye Peyton Rous naye akaonyesha uvimbe wa saratani ukihamishwa kwa maji yaliyochujwa, kuku kwa kuku. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Hesabuni wenyewe. Bahati yake aliishi muda mrefu.

Ninayependa kumsimulia zaidi ni Ludwik Gross, mkimbizi kutoka Poland aliyefanya kazi New York. Alitaka kujua kama lukemia ya panya nayo inatokana na virusi. Akachuja, akadunga, akasubiri. Hakuna kitu. Akarudia. Hakuna kitu. Kisha akasikia kwamba mtafiti mwingine, Gilbert Dalldorf, amefaulu kuotesha virusi vya aina nyingine kwa kutumia vipanya vilivyozaliwa punde. Gross naye akaanza kudunga vipanya vichanga kabisa, hata kabla manyoya hayajaota. Vikakua, vikaonekana vizima, na baada ya miezi vikapata lukemia. Akachapisha mwaka 1951, na wengi wakamkatalia. Waliojaribu kwa panya wakubwa kidogo, au kwa ukoo mwingine wa panya, hawakuona kitu. Mpaka watu wakafuata masharti yake yalivyo, umri uleule na ukoo uleule, ndipo wakakiona.

Wanangu, nisikilizeni hapa. Mnyama wa maabara naye ni kipimo. Panya mzee kwa Gross alikuwa kipimajoto kibovu: virusi vilikuwepo, yeye hakuvionyesha. Ukisema "nimetafuta, sijaona", nitakuuliza: ulitafuta kwa kutumia nini? Kingekuwepo, kifaa chako kingekiona? Majibu mengi ya "hakuna" ninayoyasoma siku hizi yanastahili kuandikwa "kifaa chetu hakingeweza kuona". Nalisema hili nikijua litawaudhi baadhi ya walimu walioko humu, lakini wamenizoea.

Howard Temin yeye alishikilia jambo lililoonekana kama ukaidi. Virusi hivi vimebeba RNA, na kila mwanafunzi wa biolojia alifundishwa kwamba habari hutoka kwenye DNA, yaani kitabu cha urithi cha seli, kwenda kwenye RNA, nakala yake ya kazi. Tangu mwaka 1964 Temin alisema virusi hivi vinarudisha nyuma, vinajiandika kwenye DNA ya seli. Ushahidi wake ulikuwa wa kuzunguka, na wenzake wengi hawakumsadiki. Mwaka 1970 yeye kwa upande wake na David Baltimore kwa upande wake walikipata kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo. Baltimore alitumia virusi vya lukemia ya panya. Angalieni jinsi jaribio lilivyokuwa wazi: chukua virusi, fungua ganda lake, tia matofali ya kujengea DNA yaliyowekewa alama ya mnururisho, kisha pima kama alama hiyo inaingia kwenye mnyororo mpya. Ikaingia. Sasa tia kwanza kimeng'enya kinachoharibu RNA, na chochote kingine usikiguse. Ujenzi ukasimama. Hatua hiyo ya pili ndiyo iliyofunga mjadala, maana ilionyesha kwamba RNA ndiyo iliyokuwa ikinakiliwa. Mtu mvivu angeridhika na hatua ya kwanza.

Vya binadamu je? Mwaka 1977 kule Kyoto, Kiyoshi Takatsuki na wenzake walieleza lukemia ya watu wazima yenye sura yake. Ukiweka damu chini ya hadubini unaona seli nyeupe ambazo kiini chake kimekunjwakunjwa, kina mapindo kama ua lililochanua. Wagonjwa wengi walikuwa wamezaliwa kusini-magharibi mwa Japani, hasa kisiwa cha Kyushu. Daktari asiyeuliza mgonjwa amezaliwa wapi angekosa hilo. Mwaka 1980 maabara ya Robert Gallo, Marekani, ikatoa taarifa ya virusi vinavyoitwa HTLV-1, na mwaka uliofuata Yorio Hinuma na wenzake wakaonyesha kwamba wagonjwa wa Japani wana kingamwili dhidi ya virusi vya namna hiyo, na kwamba katika maeneo yale karibu robo ya watu wazima wenye afya nao walikuwa nazo.

Wenye afya! Aliyeambukizwa anaweza kuishi miaka mingi bila kujua, na wengi hawaugui kabisa. Wachache katika kila mia ndio hupata lukemia, mara nyingi miongo kadhaa baadaye. Kipimo kikishapatikana, watu wanaweza kuchukua hatua. Japani ilianza kupima damu ya wachangiaji mwaka 1986. Mwaka 1987 mkoa wa Nagasaki ukaanza kuwapima wajawazito, kwa sababu maziwa ya mama ni njia kubwa ya maambukizi. Kwa watoto walionyonya kwa muda mrefu, takribani mmoja kati ya watano aliambukizwa. Kwa walionyweshwa maziwa mengine, ikashuka hadi kiasi cha wawili au watatu katika mia. Mama anaamua leo jambo ambalo faida yake itaonekana mwanawe akiwa na miaka hamsini au sitini. Mngepewa kipimo chenye makosa, mngethubutu kumwomba mama aache kunyonyesha?

Nimefika kwenye jambo la tatu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa hakuna zebaki wala hadubini.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana mmoja kati ya saba wa miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la afya ya akili. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba nusu ya matatizo ya akili ya maisha yote huwa yameshaanza kufikia umri wa miaka 14. Namba hizi zinapatikanaje? Kwa maswali. Mtoto anaulizwa na karatasi.

Chukueni dodoso la sonona (huzuni nzito isiyoondoka) la maswali tisa, lililotolewa mwaka 2001 na ambalo lina toleo la vijana. Linauliza: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umesumbuliwa na kukosa hamu ya kufanya mambo, usingizi, uchovu, kujiona hufai, na kadhalika. Kila jibu lina alama sifuri hadi tatu, jumla 27. Alama 10 na kuendelea, tunasema huyu aangaliwe kwa karibu. Ni dodoso zuri. Ninalitumia. Lakini mpe mtoto wiki ya mitihani: usingizi hana, amechoka, hawezi kutulia. Mpe huku mwalimu wa nidhamu akipita katikati ya madawati: wote ni wazima, alama sifuri darasa zima. Mpe karatasi iliyotafsiriwa na mtu aliyeketi na kamusi, asiyewahi kumsikia mtoto wa miaka 13 akisema ana huzuni. Anaweza asiseme "nina huzuni" hata siku moja. Atasema kichwa kinamuuma, au hataki kwenda shule, au atagombana na mdogo wake. Kipimo chako umekipima, au umekipiga chapa tu?

Kuna na mtego mwingine. Ukichagua watoto wenye alama za juu leo, ukawapima tena baada ya mwezi, wengi watakuwa na nafuu hata usipowafanyia lolote, kwa sababu uliwakamata siku zao mbaya. Ndiyo maana lazima kuwe na kundi la kulinganisha. Jaribio lililofanyika Kenya na kuchapishwa mwaka 2021 liliwachukua wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi, wakagawanywa kwa kura. Kundi moja lilikutana kwa wiki nne na vijana waliomaliza sekondari karibuni, wakizungumzia kwamba mtu anaweza kubadilika, shukrani, na mambo wanayoyathamini. Kundi la pili nalo lilikutana wiki nne, likafundishwa mbinu za kusoma. Makundi yote mawili yalipata nafuu! Lile la kwanza lilipata zaidi, na zaidi hiyo ndiyo matokeo ya utafiti. Bila kundi la pili wangejisifia nafuu yote, na sisi tungepiga makofi.

Uingereza nako, zaidi ya wanafunzi 8,000 wa miaka 11 hadi 13 walishiriki jaribio la kufundishwa shuleni utulivu wa kuzingatia pumzi na wakati uliopo. Jambo zuri, walimu waliopewa mafunzo, nia safi. Matokeo ya mwaka 2022: hayakuwa bora kuliko masomo ya kawaida ya stadi za maisha, na wengi hawakufanya mazoezi nyumbani. Mtu anaweza kuona hiyo ni fedha iliyopotea. Mimi naona ni moja ya kazi za heshima kubwa katika fani hii, kwa sababu waliyachapisha kama yalivyotoka. Shule ngapi zinaendesha programu ambazo hakuna aliyewahi kuzijaribu hivyo?

Na sasa lile ambalo wazazi huniuliza wakinivuta pembeni: ukimuuliza mtoto kama amewaza kujiua, si utakuwa umempandia wazo? Ni hofu ya upendo, siidharau. Madelyn Gould na wenzake waliipima. Waliwachukua wanafunzi 2,342 wa shule sita za sekondari katika jimbo la New York, wakawagawa kwa kura. Nusu walipewa dodoso lenye maswali ya kujiua, nusu lisilokuwa nayo. Baada ya kujaza, na tena siku mbili baadaye, wakawapima wote. Walioulizwa hawakuwa na dhiki zaidi kuliko wasioulizwa, wala mawazo hayo hayakuongezeka. Na miongoni mwa wale waliokuwa hatarini zaidi, kwa mfano wenye dalili za sonona, walioulizwa walionekana kuwa na dhiki kidogo kuliko wenzao. Ilichapishwa mwaka 2005. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, muulize. Kaa naye chini, zima simu, muulize kwa maneno ya wazi, kisha nyamaza umsikilize. Akisema ndiyo, usimkemee, usimwache peke yake, na mpelekeni kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Nirudi kwenu watafiti, maana dakika zangu zimekwisha na mwenyekiti ananitazama. Swali la tisa la lile dodoso linauliza mawazo ya kufa au kujidhuru. Nimeona watu wanagawa karatasi hizo Jumatatu, wanazifunga kwenye bahasha, wanaziingiza kwenye kompyuta baada ya wiki sita. Kati ya Jumatatu na wiki ya sita, yule aliyetia alama pale amekwenda wapi? Kipimajoto kikisoma 41 hungekiweka kabatini. Kabla hamjagawa karatasi hata moja, pawepo mtu aliyefunzwa, ambaye jina lake limeandikwa kwenye mpango wenu wa utafiti, atakayezipitia zote kabla watoto hawajatoka getini, na pawepo mahali pa kumpeleka mtoto huyo. Asiyekuwa na mtu huyo aahirishe. Kamati za maadili zilizomo humu ndani, msiwapitishe bila hilo. Mkiwapitisha, nitaandika barua, na mnajua barua zangu huwa ndefu.

Haya, naona mikono imeshaanza kunyooshwa. Tuanze na yule dada wa nyuma kabisa.